Kwenda kuiona Taifa Stars kwa Mkapa: panga kurudi kabla ya kupanga kwenda

Kila Taifa Stars inapokuwa na mechi ya kimataifa Dar es Salaam, simu za studio hujaa swali moja: tiketi ni shilingi ngapi? Ni swali la msingi, lakini kwa uzoefu wetu silo linaloharibu safari. Wengi walioharibikiwa walikuwa na tiketi mkononi. Walichokosa ni hesabu ya saa.

Na sisi yametukuta. Safari moja tulitoka Dodoma watu watano kwenda kuangalia mechi ya saa 1 usiku, na tiketi ya basi la kurudi tukakata ya saa 3 usiku. Mpira ulipoisha, basi lilikuwa linatoka Mbezi na sisi bado tuko Temeke tunatafuta njia. Tulilala kwenye viti vya kituo. Mwenzetu aliyepangiwa kufungua kipindi cha asubuhi aliwasikilizisha watu muziki kwa njia ya simu ya fundi mitambo. Tangu siku ile tunapanga safari kuanzia mwisho wake.

Hakikisha siku, saa na uwanja

Siku za mechi za timu za taifa hujulikana mapema, kwa sababu zinafuata kalenda ya FIFA. Saa na uwanja vinaweza kubadilika. Mei 2025 fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ilihamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, badala ya Benjamin Mkapa. Kwa hiyo usilipie malazi yasiyorudishwa kabla TFF haijatangaza rasmi.

Angalia pia namna saa ilivyoandikwa. 19:00 ni saa 1 usiku. Ukiona GMT, ongeza saa 3 kupata saa za Afrika Mashariki. Tiketi ya treni nayo huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na wapo waliosoma 07:00 wakafika stesheni jioni.

Njia ya kwenda

Kutoka Dodoma kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi hadi Dodoma Agosti 2024. Safari huchukua takriban saa 4, na nauli ya kawaida iliyotangazwa wakati huduma inaanza ilikuwa shilingi 31,000. Siku za mechi kubwa na mwisho wa wiki nafasi huisha haraka, hivyo kata mapema kwenye mfumo wa TRC na ubebe kitambulisho kile kile ulichokatia tiketi.

Njia ya pili ni basi, ambalo hukushusha kituo cha Magufuli, Mbezi Luis.

Hapo kuna mtego wa majina. Stesheni ya SGR ya Dar es Salaam, iliyoko katikati ya jiji, nayo inaitwa Magufuli. Ukimwambia bodaboda "nipeleke Magufuli" anaweza kukupeleka Mbezi wakati treni yako inaondokea mjini. Taja kabisa: stesheni ya SGR, au stendi ya Mbezi.

Uwanja wa Benjamin Mkapa uko wilaya ya Temeke, jirani na Uwanja wa Uhuru. Ulifunguliwa mwaka 2007 na ukapewa jina la Mzee Mkapa mwaka 2020 baada ya kifo chake. Makondakta wengi bado wanauita Uwanja wa Taifa, kwa hiyo ukipanda gari la kuelekea Temeke au Mbagala, waulize kwa jina hilo.

Tiketi na mlango wako

Tiketi za uwanja huu hukatwa kwa mfumo wa N-Card. Maliza jambo hilo ukiwa bado nyumbani, maana ukingoja siku ya mechi utakutana na foleni na walanguzi. Kila mtu awe na kadi yake. Viti vya mzunguko ndivyo vya bei ya chini. VIP A, B na C ziko juu. Soma tiketi yako ujue unaingilia mlango upi.

Uwanja huchukua watu 60,000. Mei 28, 2023, siku ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na wengine 30 wakajeruhiwa katika msongamano. Ndiyo maana tunasisitiza kufika angalau saa 3 kabla ya mpira kuanza, hasa mkiwa na watoto au wazee. Ukikuta watu wanasukumana getini, rudi nyuma. Bora kukosa dakika 20 za mwanzo.

Baada ya filimbi ya mwisho

Mashabiki wana usemi wao: kwa Mkapa hatoki mtu. Huwa wanawatania wageni, lakini na shabiki asiyepanga naye hatoki. Mechi ya saa 1 usiku huisha kama saa 3. Kutoka nje ya uwanja, kupata usafiri na kuvuka jiji hadi Mbezi, jitengee saa 2 nyingine. Kama ni hatua ya mtoano, ongeza dakika 30 na penalti.

Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, lakini kata la saa za mwisho kabisa. Kilicho salama zaidi ni kulala. Tafuta nyumba ya wageni Temeke, Chang'ombe au Keko, mahali unapoweza kurudi kwa gari fupi, kisha safiri asubuhi. Mkiwa kundi, kubalianeni mahali pa kukutana nje ya uwanja kabla hamjaingia, kwa kuwa mtandao wa simu huelemewa.

Bajeti kwa mpangilio huu

Tenga kwanza nauli ya kurudi, kisha malazi, kisha nauli ya kwenda, tiketi ya mpira na chakula. Jezi iwe ya mwisho. Nauli ya kurudi isikae pamoja na hela ya matumizi, maana goli likiingia watu hununuliana vinywaji.

Novemba 19, 2024, Simon Msuva alipoifunga Guinea na Stars kufuzu AFCON 2025, waliokuwa uwanjani walipata kitu ambacho redio yetu, pamoja na kelele zetu zote, haiwezi kukuletea. Nenda kaone. Ila kabla hujakata tiketi ya kwenda, jiulize: usiku ule nitalala wapi?