Dakika za Mlo na Swali la Ushahidi: Sheria za Viwanda za Uingereza, 1833–1850

Sheria ya Viwanda ya mwaka 1833 iliwapa vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 katika viwanda vya nguo vya Uingereza saa moja na nusu ya mlo kila siku. Kwa hesabu ya dakika, haki hiyo inazidi ile ya dakika 60 iliyomo katika sheria ya Tanzania ya leo. Sehemu hii inadai kwamba udhaifu wake ulikuwa katika ushahidi: ilikuwa vigumu mno kuthibitisha kwamba kijana fulani alikula, na alikula saa ngapi.

Chanzo kilikuwa ndani ya sheria yenyewe. Kazi iliruhusiwa kati ya saa 11:30 alfajiri na saa 2:30 usiku, yaani saa 15, ilhali kijana alipaswa kufanya kazi saa 12 tu. Ukijumlisha mlo unapata saa 13 na nusu; saa moja na nusu ikabaki wazi. Katika pengo hilo wenye viwanda waliwapanga wafanyakazi kwa makundi, huyu akianza mapema, yule akichelewa, kila kundi likila kwa wakati wake bila mashine kusimama. Mkaguzi aliyemkuta kijana mashineni adhuhuri angeweza kuambiwa kwamba amekwisha kula, au kwamba zamu yake ya kula haijafika. Nao wakaguzi walioteuliwa mwanzoni walikuwa wanne tu.

Sheria ya 1844 haikuongeza jumla ya dakika hizo. Iliwaingiza wanawake katika hifadhi hiyo, ikaagiza wote wale kwa wakati mmoja, wasibaki katika chumba ambamo uzalishaji unaendelea, nyakati za mlo zibandikwe kiwandani, na muda upimwe kwa saa ya hadhara iliyokubaliwa na mkaguzi. Kwa maoni yangu, saa hiyo ya hadhara ina uzito kuliko hotuba nyingi za Bungeni za miaka ile, kwa kuwa iliondoa kipimo cha muda mikononi mwa mwajiri.

Hata hivyo, mfumo wa makundi ulirudi, na mwaka 1850, katika shauri la Ryder dhidi ya Mills, mahakama iliamua kwamba sheria haikuukataza. Mwaka huohuo Bunge lilifupisha siku ya wanawake na vijana: saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, saa moja na nusu ikiwa ya mlo. Saa 10 na nusu zilizosalia ndizo zilizoruhusiwa kwa kazi, na pengo likatoweka. Wizi wa dakika chache kabla na baada ya mlo uliendelea, kama ripoti za mkaguzi Leonard Horner zinavyoonyesha. Dakika 5 kwa siku 300 ni saa 25.

Tukirejea Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mapumziko ya dakika zisizopungua 60 mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5. Mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa amemtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kuifanya katika muda huo. Kwa mlinzi aliye peke yake getini, malipo ya saa hiyo hutegemea kuthibitisha kwamba alitakiwa kuwa tayari. Na kifungu chenyewe hakisemi mapumziko yaanze saa ngapi, wala hakiagizi yabandikwe ukutani.