Watahini wa Watoto Wetu katika Kibera na Kawangware



Ni desturi ya taarifa za mwaka kutaja karo zilizolipwa na watoto waliofaulu. Waliowatia alama watoto hao hawatajwi, na aghalabu hata majina yao hayajulikani. Yafaa tutazame jinsi kazi yao ilivyoanza na ilikofika, maana siku hizi kazi hiyo imeingia katika madarasa ya mitaa yetu.

Kibera ilikaliwa kwanza na askari Wanubi wa King's African Rifles, waliopewa msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Watoto wao walisoma chuoni. Huko mtoto alisoma mbele ya mwalimu. Akikosea alirudishwa nyuma, akisoma vyema alipandishwa sura. Mtahini na mtahiniwa walikaa mkeka mmoja, na mtaa mzima ulijua ni nani aliyempasisha mtoto wa fulani.

Mitihani ya serikali ilikuja kwa njia nyingine. Baada ya Taarifa ya Beecher ya mwaka 1949, shule za Waafrika zilipangwa kwa miaka minne minne, na kila baada ya miaka hiyo palikuwa na mlango mwembamba. Wa kwanza ulikuwa mwisho wa darasa la 4, na wa pili, ambao wazee wengi wanaukumbuka kwa jina la KAPE, mwisho wa darasa la 8. Wachache waliofika mwisho wa sekondari waliandika mtihani wa Cambridge, na karatasi zao zikapelekwa Uingereza kusahihishwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona Nairobi. Mwalimu Mwafrika alifundisha, lakini neno la mwisho halikuwa lake.

Mwaka 1967 nchi tatu ziliunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1980 Kenya ikaanzisha baraza lake, yaani KNEC. Tangu hapo anayesahihisha karatasi za watoto wa Kenya ni mwalimu wa Kenya.

Kazi yenyewe si nyepesi kama wengi wanavyodhani. Mwalimu aliyeandikishwa na Tume ya Huduma za Walimu, mwenye miaka ya kutosha darasani, huhudhuria mafunzo ya Baraza, na gharama yake huitoa mfukoni mwake. Likizo inapofika, wenzake wakienda nyumbani, yeye hufungiwa katika shule ya bweni pamoja na watahini wengine. Kwanza hukubaliana juu ya mwongozo wa kusahihisha, swali kwa swali, na mabishano huwa marefu. Kisha kila mmoja hupewa maswali machache, akimaliza humsogezea mwenzake karatasi. Kiongozi wa kikundi hurudia kusahihisha baadhi yake ili aone kama mkono wa huyu si mzito kupita wa yule. Malipo huhesabiwa kwa karatasi, na malalamiko kwamba ni madogo tena huchelewa yamesikika miaka mingi. Katika ngazi za utumishi wa walimu hakuna cheo kiitwacho mtahini. Arudipo shuleni, ni mwalimu kama alivyotoka.

Alama huwekwa kwa siri, na siri hiyo ni ya haki: mtoto ni nambari, na mtahini hajulikani, ili pasiwe na upendeleo wala hongo. Lakini siri imetumika kupita mipaka yake. Jina la mtahini lafaa lifichwe wakati wa kusahihisha. Ujuzi wake hauna sababu ya kufichwa maisha yake yote.

Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, majibu mengi yalikuwa ya kuchagua herufi na mashine ikayasoma. Insha ndiyo iliyongojea jicho la mwalimu. Mwezi wa Januari 2003 karo ya shule za msingi ilipoondolewa, shule za serikali katika mitaa yetu, Olympic ya Kibera ikiwa mfano ujulikanao, zilijaa pomoni. Watoto wengine wengi walibaki katika shule ndogo za mabati, na kwa kuwa shule hizo nyingi hazikuandikishwa kuwa vituo vya mtihani, watahiniwa wao walikwenda kuandikia kwa jirani.

Sasa mambo yamegeuka. Katika mtaala mpya, ulioanza mwaka 2017, mwalimu wa darasa hupima watoto wake mwenyewe. Kwa mtihani wa Gredi ya 6, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, ilipangwa kwamba alama 60 katika kila 100 zitoke katika tathmini ya shuleni. Kwa ule wa Gredi ya 9, ulioanza 2025, alama 20 hutoka kwa walimu wa Gredi ya 7 na ya 8. Basi mwalimu wa Gatina au wa Ayany amekuwa mtahini bila kuitwa hivyo. Hana malipo ya karatasi, wala hana ile siri iliyomlinda mwenzake wa zamani: mzazi anamjua, anakutana naye sokoni, na aweza kumwuliza kwa nini mwanawe amepewa alama chache.

Pia kuna gharama. Maswali hutolewa katika tovuti ya Baraza. Shule huyapakua, huyachapisha kwa kila mtoto, na alama hurudishwa kwa njia ile ile. Shule ya mabati isiyo na mashine ya kuchapa huenda kwa mwenye duka, na hulipa kwa ukurasa.

Kwa hiyo tunaweka mambo mawili mbele ya mkutano mkuu. La kwanza, karatasi na uchapishaji viongezwe katika mfuko wa elimu wa chama, kando ya karo. La pili, wanachama walio walimu na waliopata mafunzo ya utahini wajiandikishe kwa katibu, ili wawafundishe wenzao wa shule ndogo namna ya kuandika mwongozo na kulinganisha alama. Mzazi mwenye lalamiko juu ya alama alipeleke kwa mwalimu mkuu, si kwa mwalimu wa darasa njiani.