Mwaka 1974: Gesi ya Songo Songo na Kompyuta Iliyopigwa Marufuku

Leo nataka tuzungumze kuhusu mwaka 1974. Ukiwauliza wazee wetu watakuambia ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa Operesheni Vijiji, mwaka ambao bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mpaka serikali ikahaha. Yote ni kweli. Lakini mwaka huo huo yalitokea mambo matatu mengine ambayo sijawahi kuyaona yamewekwa kwenye ukurasa mmoja. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuokota vipande na kuvipanga. Hebu nivipange.

Jambo la kwanza. Kampuni ya Kitaliano ya AGIP ilichoronga kisima katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, ikitafuta mafuta. Mafuta haikuyapata. Ikapata gesi, na kwa hesabu za wakati ule ikaona haina biashara. (Kwa msomaji ambaye hajafika kusini: Songo Songo si Songo Mnara. Songo Mnara ndiko kwenye magofu ya kale, pamoja na Kilwa Kisiwani. Songo Songo ni kisiwa kingine, cha wavuvi, upande wa kaskazini.)

Jambo la pili. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, umesoma sawasawa. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye hesabu za serikali zikaingizwa kwenye mashine, wataalamu wakawa wageni, mfumo ukavurugika na fedha zikapotea. Mwaka 1974 ikaamuliwa kwamba kompyuta na vifaa vyake visiingie tena bila kibali maalumu.

Jambo la tatu. Novemba 1974, TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Lengo la kumfikisha kila mtoto shule ya msingi, ambalo awali lilipangwa kutimia mwaka 1989, likasogezwa mbele hadi 1977. Hiyo ndiyo UPE mnayoisikia.

Nishati, kompyuta na shule. Vyote vitatu katika mwaka mmoja, na hakuna kilichojua habari za mwenzake. Ukitaka kuelewa kwa nini leo mtoto wa Masaki anasoma kwa kishikwambi na mtoto wa pwani ya Lindi anasoma kwa kunakili ubaoni, nadhani ni vizuri kuanzia hapo.

Wengi wa rika langu tukisikia kwamba kompyuta zilipigwa marufuku, tunacheka. Tunasema wazee walituchelewesha. Mimi pia naamini marufuku ile ilitugharimu, maana ililegezwa taratibu katika miaka ya 1980 na ilikuja kuwa historia kabisa katikati ya miaka ya 1990, wakati wenzetu wamekwisha kwenda mbali. Lakini kabla hatujacheka sana, tutazame kitu ambacho wazee hao hao walikifanya kwa mashine waliyokuwa nayo. Mashine hiyo ni redio.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya". Kila wiki, kwa majuma kumi na mawili, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha kipindi kuhusu malaria, kichocho, kuhara, maji safi na vyoo. Watu hawakusikiliza kila mtu nyumbani kwake. Walikusanyika katika vikundi, chini ya mwembe au kwenye ofisi ya TANU, wakiwa na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo na kitabu kilichochapishwa kwa Kiswahili chepesi. Redio ikizimwa, kiongozi anafungua kitabu, wanajadili, kisha wanaamua la kufanya hapo kijijini: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo walikuwa takriban 75,000, na walioshiriki walikadiriwa kuwa milioni 2. Watu milioni mbili, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu milioni 15!

Na haikuishia hapo. UPE ilipoanza ilihitaji walimu makumi ya maelfu, na vyuo vya ualimu havikuwepo vya kutosha. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka katika shule za vijijini mwao, wakawa wanafundisha nusu ya siku na kujifunza nusu nyingine: kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, chini ya uangalizi wa walimu wazoefu. Leo tungeiita elimu masafa na kuifanyia warsha hotelini.

Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alifundisha vijiji vya Kilwa mpaka alipostaafu. Mnajua utani waliotupiwa: UPE maana yake "Ualimu Pasipo Elimu". Anaukumbuka na bado unamuuma. Nilipomuuliza kuhusu vipindi vya redio alinijibu kwa hasira kidogo: "Mwanangu, redio haikunifundisha kufundisha. Alinifundisha mwalimu mkuu, aliyekaa nyuma ya darasa ananiangalia. Redio ilikuwa inanikumbusha kwamba siko peke yangu." Nimelifikiria sana jibu hilo.

UPE ilikuwa na matatizo yake, na nisingependa kuyafunika. Madarasa yalifurika, vitabu havikutosha, na uchumi wa miaka ya 1980 ulipodorora ubora ulishuka. Lakini takwimu rasmi zinasema mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, na mwaka 1986 wakawa chini ya asilimia 10. Hata ukizipunguza takwimu hizo kwa kuzitilia shaka, bado kazi iliyofanyika ni kubwa.

Sasa turuke miaka thelathini.

Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kutumika. Katikati hapo TPDC ilikuwa imechimba visima vingine na kuthibitisha kwamba gesi ipo ya kutosha. Palikuwa na ndoto ya kiwanda cha mbolea Kilwa, KILAMCO, iliyokufa bila kiwanda kujengwa. Hatimaye likalazwa bomba: kilometa 25 chini ya bahari mpaka Somanga, kisha kilometa 207 nchi kavu mpaka Dar es Salaam. Mitambo ya Ubungo ikawashwa kwa gesi ya Kilwa.

Mwaka huo huo, 2004, ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, uliotuletea shule za kata. Na Desemba ya mwaka huo huo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini inayozungumza Kiswahili. Kwa mara nyingine nishati, shule na kompyuta vikakutana katika mwaka mmoja. Safari hii marufuku haikuwepo. Je, vilijuana?

Bomba lilipita Kilwa likaenda Dar. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilikuwa limefunguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, kiliendelea kuwa vumbi kiangazi na tope masika kwa miaka mingi baada ya gesi kufika mjini. Mitambo ya gesi ya Somanga, megawati 7.5, ya kuwapatia umeme watu wa Kilwa na Lindi, ilianza kazi mwaka 2010. Ubungo ilikuwa na umri wa miaka sita kwenye gesi hiyo hiyo. Nasi wa Dar, kila tulipokaa kwenye intaneti kafe miaka ile tukitafuta "past papers", sehemu ya umeme uliowasha kompyuta zile ilitoka chini ya bahari ya wavuvi wa Songo Songo.

Shule za kata zilijengwa kwa nguvu za wananchi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini nyingi zilianza bila maabara, bila maktaba na bila walimu wa sayansi. Jambo OpenOffice ilisifiwa magazetini, kisha sekondari ikaendelea kufundisha kwa Kiingereza na mtihani ukaendelea kuja kwa Kiingereza. Mwanafunzi gani angejisumbua kujifunza kompyuta kwa Kiswahili?

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na intaneti ikaacha kutegemea satelaiti za bei mbaya. Mwaka 2014 Ubongo Kids ikaanza kuonekana kwenye televisheni, ikifundisha hesabu kwa Kiswahili na katuni. Shule Direct ikaweka masomo ya sekondari mtandaoni. Simu janja zikashuka bei. Tukaanza kuamini kwamba pengo linajiziba lenyewe.

Kisha ikaja Machi 2020. Shule zikafungwa tarehe 17 kwa sababu ya korona, na vyuo vikafuata. Mimi nilikuwa chuoni. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Katika miezi hiyo, shule kadhaa za kulipia jijini zilifundisha kwa WhatsApp na Zoom. Kwa walio wengi, kilichobaki ni vipindi vya redio na televisheni. Rafiki yangu mmoja aliyerudi kwao pwani ya Lindi alikuwa akinitumia ujumbe usiku, kwa sababu mtandao ulikamata sehemu moja tu, na mchana sehemu hiyo ilikuwa na foleni. Tulirudi kwenye redio ya mwaka 1973. Tofauti ni kwamba safari hii hapakuwa na vikundi, hapakuwa na viongozi waliofundishwa, hapakuwa na kitabu mkononi. Mtoto alikaa na redio peke yake, kama redio ilikuwepo.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jibu la baba mkubwa.

Mwaka 2022 tulifanya Sensa kwa vishikwambi, na baada ya Sensa vishikwambi hivyo vikagawiwa kwa walimu. Ni uamuzi mzuri. Kingekuwa kichekesho kuvifungia stoo. Lakini mwalimu mmoja wa sekondari niliyekutana naye Kilwa alinionyesha cha kwake, kimefungwa vizuri kwenye kitambaa, akaniambia: "Mdogo wangu, hiki kinanisaidia mimi kuandaa somo. Bando nanunua mwenyewe. Darasani wako zaidi ya themanini, niwaonyeshe kwa zamu?" Hakuwa analalamika. Alikuwa anafanya hesabu.

Niliwahi kufika Songo Songo kwa kazi ya gazeti. Upande mmoja kijiji cha wavuvi, minazi na nyavu zimeanikwa. Upande mwingine uzio na mabomba ya kusafisha gesi. Ukisimama pale huwezi kusema kisiwa kiko nje ya teknolojia. Teknolojia ya hali ya juu iko mita chache kutoka kwenye mitumbwi. Swali ni kama mtoto wa kijiji kile amewahi kuelezwa shuleni inafanyaje kazi. Gesi inapandaje, kwa nini inakaushwa kabla ya kuingia bombani, presha inapimwaje. Hilo ni somo la fizikia na kemia linaloonekana kwa macho, halihitaji hata intaneti.

Watu wa pwani wana neno moja ambalo nalipenda: chuo. Zamani chuo kilikuwa kitabu. Kisha kikawa mahali pa kufundishia Kurani, kikawa mwalimu na watoto waliokizunguka kitabu. Leo chuo ni jengo kubwa lenye wahadhiri. Neno lilianza kwenye chombo likaishia kwa watu. Nadhani sisi na kompyuta bado tuko pale mwanzo, tunahesabu vyombo. Mashine ngapi zimegawiwa, shule ngapi zimeunganishwa, mkuu wa wilaya amekata utepe.

Sera ya elimu, toleo la 2023, ilizinduliwa mwaka 2025 na inazungumza vizuri juu ya teknolojia. Mimi ningependa kila mradi wa aina hiyo upimwe kwa maswali ambayo watu wa "Mtu ni Afya" walikwisha kuyajibu miaka hamsini iliyopita. Nani amefundishwa kukaa na wanafunzi pale mashine inapozimwa? Somo liko katika lugha wanayoielewa? Umeme ukikatika, kuna kitabu? Na wiki ijayo, wanafunzi watakuwa wamefanya nini kwa mikono yao?

Kwa wasomaji wa Kilwa na Lindi naongeza la tano. Gesi huilipa halmashauri ushuru wa huduma. Nendeni kwenye mikutano ya vijiji na kwa madiwani, muulize kwa utaratibu: mwaka huu tumepata kiasi gani, na kiasi gani kimeingia darasani? Hilo si fujo. Mwaka 2013 tuliona Mtwara watu walipofika mahali pa kuona kwamba hakuna anayewajibu. Ni bora swali liulizwe mapema, kwenye kikao, muhtasari ukiandikwa.

Gesi haitadumu milele. Hakuna kisima kisichokauka. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Songo Songo mwaka 2004 sasa ni mtu mzima wa makamo yangu. Ningetamani kumuuliza gesi ilimfundisha nini. Wenzangu, hasa mliosoma shule za kusini, mnasemaje?