London Zoo ya The Bug: Besi, Nafasi na Sauti katika Dabu ya London

London Zoo, albamu iliyotolewa na kampuni ya Ninja Tune mwaka 2008, ni ya tatu kwa The Bug, jina la kisanii la mtayarishaji muziki Mwingereza Kevin Martin. Nyimbo zake 12 zimejengwa kwa besi na mwangwi wa dabu, mapigo ya dansiholi, na sauti za mashine zilizokwaruzwa kwa makusudi. Msikilizaji mgeni hupokewa na ukali: besi inayotikisa kifua, ving'ora, na waimbaji wanaofoka badala ya kubembeleza. Ni rahisi kudhani kwamba ukali huo ni matokeo ya kelele nyingi. Ukisikilizwa kwa makini, unaonekana umetoka kwingine kabisa: kwenye nafasi tupu ambayo mtayarishaji ameiacha katikati ya kila wimbo, na kwa watu walioingia katika nafasi hiyo wakiwa na la kusema.

Mbinu hiyo ilizaliwa Kingston, Jamaika. Tangu miaka ya 1950, wakazi wa mitaa ya kawaida ya mji huo walicheza dansi mbele ya saundi, yaani mitambo ya kuhamishika yenye spika kubwa, kila mmoja ukiwa na mwenyewe, wapigaji wake na mashabiki wake. Osbourne Ruddock, aliyejulikana zaidi kama King Tubby, alikuwa fundi wa redio na vikuza sauti, na alimiliki saundi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika studio ndogo mtaani Waterhouse, alizichukua nyimbo za rege zilizokwisha kurekodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akabakiza besi na ngoma. Vipande vya gitaa na kinanda vilichomoza kwa sekunde chache, vikazama tena katika mwangwi. Haja iliyozaa ubunifu huo ilikuwa ya kazi kabla ya kuwa ya sanaa. U-Roy, aliyeshika maikrofoni katika saundi ya King Tubby, alihitaji mahali pa kuongea na wachezaji. Kwa hiyo dabu, tangu chanzo chake, ni muziki uliopunguzwa ili mtu apate kusema juu yake. Jambo hili husahauliwa na wale wanaoieleza kama muziki wa mwangwi na moshi tu.

Dansiholi, muziki wa dansi wa Jamaika uliotokana na rege, iliipeleka kanuni hiyo mbele kwa kutumia mashine. Mwaka 1985 Wayne Smith alirekodi Under Mi Sleng Teng kwa King Jammy, aliyewahi kufanya kazi chini ya King Tubby. Mdundo wake ulitokana na pigo lililokuwa limehifadhiwa tayari ndani ya kinanda kidogo cha Casio MT-40. Gitaa la besi halikuhitajika, wala mpiga ngoma. Mdundo huo huo, kwa lugha ya Jamaika ridimu, ulitumiwa na waimbaji wengine wengi, kila mmoja na maneno yake. Muziki ukawa mkavu zaidi, mgumu zaidi, na mzigo wa wimbo ukahamia kwenye kinywa cha mwimbaji.

Martin hakuifikia dabu kupitia rege. Katika miaka ya 1990 alipiga saksafoni katika kundi la God, lililochanganya roki nzito na jazi isiyofuata kanuni, na pia akaunda Techno Animal pamoja na Justin Broadrick. Mwaka 1995 alikusanya albamu ya wasanii mbalimbali, Macro Dub Infection, iliyoonyesha jinsi dabu ilivyokuwa imepenya katika aina nyingi za muziki wa elektroniki. Albamu ya kwanza ya The Bug, Tapping the Conversation ya mwaka 1997, haikutegemea waimbaji. Iliwazwa kama muziki mbadala wa filamu ya Francis Ford Coppola, The Conversation. Ya pili, Pressure ya mwaka 2003, iliwaleta waimbaji wa dansiholi mbele ya mitambo iliyozidishiwa nguvu hadi sauti ikapasuka. Katika albamu hiyo mashine na mwimbaji hugombania mahali pamoja, na mara kadhaa mashine hushinda. Kasoro hiyo ndiyo iliyorekebishwa katika London Zoo.

Wimbo wa Skeng, uliotoka kwanza kama singo katika lebo ya Hyperdub mwaka 2007, unaonyesha marekebisho hayo waziwazi. Besi yake ina noti chache mno, kila moja ikiburutwa na kuachwa ioze kabla ya nyingine kuingia. Ngoma ni za kuhesabika. Kati ya pigo na pigo kuna ukimya, na katika ukimya huo mwimbaji Flowdan anatamka vitisho vyake kwa sauti nzito ya chini, bila haraka na bila kupiga kelele, huku mwenzake Killa P akimjibu kwa sauti kali zaidi ya juu. Hofu anayoipata msikilizaji inatokana na utulivu wa msemaji. Kama Martin angeijaza nafasi ile kwa vinanda na vishindo, Flowdan angelazimika kupaza sauti, na mtu anayepaza sauti hatishi kama yule anayenong'ona akijua atasikika. Hapa King Tubby yumo, ingawa hakuna gitaa hata moja la rege.

Waimbaji wenyewe hawafanani, na hilo ni hazina kubwa ya albamu. Tippa Irie, anayefungua kwa Angry, alikulia katika Saxon, saundi maarufu ya kusini mwa London iliyokuza mtindo wa kughani kwa kasi katika miaka ya 1980. Flowdan alitoka Roll Deep, kundi la graimu, muziki wa kughani juu ya midundo ya elektroniki, la mashariki mwa London. Warrior Queen ni Mjamaika, na katika Poison Dart anaimiliki dansiholi kwa ushupavu ambao wanaume wa albamu hii hawaufikii. Spaceape, aliyefariki mwaka 2014, anaghani kama mhubiri. Roger Robinson, mshairi mwenye asili ya Trinidad, anaimba You & Me kwa upole unaoonyesha kwamba besi nzito inaweza kubeba huzuni pia. Vizazi vitatu vya Wakaribi wa London vinakutana mahali pamoja, kila kimoja na hasira zake.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya albamu hii ni la umiliki: kwamba mtayarishaji mzungu ameuvalisha muziki wa Weusi ukatili ili kuwafurahisha wapenzi wa muziki wa majaribio. Swali hilo ni halali, maana historia ya rege ina mifano mingi ya waliotajirika kwa jasho la wengine. Lakini jibu lazima litafutwe ndani ya nyimbo. Ukali wa maneno uliletwa na waimbaji, na unafuata mila ya saundi ambamo kumtisha mpinzani ni ustadi unaopimwa na hadhira. Ushahidi mwingine ni Freak Freak, wimbo usio na mwimbaji. Besi ni ile ile, mkwaruzo ni ule ule, ila wimbo unazunguka bila kufika popote, na ndio dhaifu kuliko yote 12. Ukali wa mashine peke yake haukutosha.

Robinson alishinda Tuzo ya T. S. Eliot ya ushairi ya mwaka 2019. Flowdan alipata Grammy mwaka 2024 kwa wimbo wa Rumble, alioshirikiana na watayarishaji Skrillex na Fred again... Hawa hawakuwa mapambo katika kazi ya mtu mwingine, na historia yoyote ya London Zoo inayomtaja Kevin Martin peke yake ni pungufu.