Tuzo ya Taifa ya Filamu kwa Waigizaji Wasaidizi wa Kike nchini India: Lugha, Umri na Suala la Jina

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno "Kihindi" hubeba maana mbili. Kwa upande mmoja hurejelea chochote chenye asili ya India, kiwe chakula, vazi au muziki. Kwa upande wa pili hurejelea lugha moja tu miongoni mwa lugha nyingi za nchi hiyo. Watazamaji wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, ambako filamu kutoka India zimeonyeshwa tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20, wamezoea kuziita zote "filamu za Kihindi", na mazoea hayo yamezifanya maana hizo mbili zionekane kuwa moja. Orodha ya washindi wa tuzo moja ya taifa nchini India yatosha kuonyesha kwamba si moja.

Makala hii inafuatilia historia ya Tuzo ya Taifa ya Filamu inayotolewa kwa mwigizaji msaidizi wa kike. Hoja yake ni kwamba tuzo hiyo, iliyobuniwa ili kuwatambua waigizaji wasiobeba jina la filamu, imekuwa pia mojawapo ya mahali ambapo lugha zenye wasemaji wachache hupata kusikika mbele ya taifa. Hata hivyo, tuzo hiyohiyo imeacha swali gumu bila jibu: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba mwanamke katika hadithi ni "msaidizi"?

2.0 Kuanzishwa kwa tuzo

Serikali ya India ilianza kutoa tuzo za filamu mwaka 1954, kwa filamu za mwaka 1953. Katika miaka ya mwanzo, heshima ilielekezwa kwa filamu nzima, na waliotajwa walikuwa watayarishaji na waongozaji. Waigizaji walianza kutuzwa mmoja mmoja kwa filamu za mwaka 1967, pale Nargis alipopewa tuzo kwa Raat Aur Din na Uttam Kumar kwa filamu mbili za Kibengali. Ilipita miaka 17 zaidi kabla ya uigizaji saidizi kupata nafasi yake. Kwa filamu za mwaka 1984, Rohini Hattangadi alikuwa mwanamke wa kwanza kutuzwa, kwa filamu ya Party. Upande wa wanaume tuzo ilikwenda kwa Victor Banerjee kwa Ghare Baire ya Satyajit Ray. Washindi hupewa Rajat Kamal, yaani Yungiyungi la Fedha, pamoja na cheti na fedha taslimu.

Wakati wa kuanzishwa kwake si wa kupuuzwa. Miaka ya 1970 na 1980 ilishuhudia kukua kwa sinema iliyojitenga na desturi ya nyota mmoja, nyimbo nyingi na mwisho wa furaha. Waongozaji kama Shyam Benegal, Mrinal Sen na Govind Nihalani walitegemea waigizaji waliotoka kwenye tamthilia za jukwaani, na hadithi zao mara nyingi ziligawa uzito kati ya wahusika kadhaa. Party, iliyoongozwa na Nihalani kutokana na tamthilia ya Mahesh Elkunchwar, ni mfano mzuri: tukio lake kuu ni hafla ya jioni moja inayowakutanisha waandishi na wasanii, na ni vigumu kumteua mmoja wao kuwa ndiye mhusika mkuu. Mshindi wa pili, Vijaya Mehta, alikuwa mwongozaji mashuhuri wa tamthilia, na filamu iliyompa tuzo, Rao Saheb, aliiongoza mwenyewe. Inaelekea, basi, kwamba kitengo hiki kipya kilijibu mabadiliko yaliyokwisha kutokea katika sanaa yenyewe.

3.0 Lugha za washindi

Mwaka wa tatu tu wa tuzo, heshima ilitoka katika Kihindi na kwenda kwa Manjula Kanwar, kwa filamu ya Kiodia, Bhanga Silata. Kisha, kwa filamu za miaka minne mfululizo, 1989 hadi 1992, washindi wote walitoka katika filamu za lugha za kusini: Manorama na Revathi kwa Kitamil, K. P. A. C. Lalitha na Santha Devi kwa Kimalayalam. Baadaye orodha iliingiza Kibengali, Kimarathi, Kimanipuri, Kigujarati na hata Kiingereza.

Mifano mitatu inastahili kutazamwa kwa karibu. Wa kwanza ni Kimalayalam. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2011, lugha hiyo ilikuwa na wasemaji takriban milioni 35, karibu 3% ya watu wa India, ilhali waliohesabiwa chini ya Kihindi walizidi milioni 520. Pamoja na tofauti hiyo, waigizaji wa filamu za Kimalayalam wametuzwa mara nane katika kitengo hiki, wakiwemo Lalitha na Urvashi, kila mmoja mara mbili. Wa pili ni Kimanipuri, lugha ya kaskazini-mashariki, ambayo ilipata mshindi kwa filamu za mwaka 2011 kupitia Leishangthem Tonthoingambi Devi katika Phijigee Mani. Wa tatu ni Kiharyanvi. Sensa huiweka lugha hii chini ya Kihindi, nayo haimo katika Jedwali la Nane la Katiba linaloorodhesha lugha 22. Hata hivyo, Baljinder Kaur alituzwa kwa filamu za mwaka 2014 kwa Pagdi The Honour, na filamu hiyo ikatambuliwa kuwa ya Kiharyanvi. Kile ambacho sensa ilikihesabu kama lahaja, majaji wa filamu walikiita kwa jina lake.

Mipaka ya taifa nayo haikuwa kizuizi. Mmoja wa washindi wawili wa filamu za mwaka 2013 alikuwa Aida El-Kashef, raia wa Misri, kwa uhusika wake wa mpigapicha asiyeona katika Ship of Theseus.

4.0 Umri na uhusika wa mama

Sifa nyingine ya orodha hii ni umri. Aranmula Ponnamma, aliyezaliwa mwaka 1914 na kujulikana zaidi kwa kuigiza akina mama, alituzwa kwa Kathapurushan ya mwaka 1995, akiwa amepita umri wa miaka 80. Zaira Wasim alituzwa kwa Dangal ya mwaka 2016 akiwa bado msichana wa miaka 16. Surekha Sikri ndiye pekee aliyepata tuzo hii mara tatu: kwa Tamas, kwa Mammo, na miongo miwili baadaye kwa Badhaai Ho ya mwaka 2018, alimoigiza bibi mkali wa familia. Alifariki mwaka 2021.

Ushahidi huu unaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwa upande mmoja, kitengo hiki kimewapa wanawake wazee heshima ambayo soko la filamu, linalowapendelea vijana, haliwapi kwa urahisi. Kwa upande mwingine, kinaweza kuwa chumba cha nyuma ambamo mwigizaji hupelekwa pindi anapoanza kuigiza mama, hata kama ni yeye anayeibeba hadithi. Hoja hii ilijitokeza wazi mwaka 2025, pale Urvashi alipotuzwa kwa Ullozhukku. Alihoji hadharani vigezo vilivyoufanya uhusika wake uitwe saidizi katika filamu ambayo uzito wake umegawanywa kati ya wanawake wawili, mama mkwe na mke wa mwanawe. Tuzo yake ya awali, kwa Achuvinte Amma ya mwaka 2005, nayo ilitokana na uhusika wa mama.

5.0 Suala la jina

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hutofautisha mhusika mkuu na mhusika msaidizi. Neno "msaidizi" limetokana na kitenzi "saidia", na humdokeza mtu ambaye kuwapo kwake kunategemea kuwapo kwa mwingine. Neno la Kihindi lililozoeleka kwa tuzo hii, sahayak, lina maana hiyohiyo. Lakini filamu zenyewe mara nyingi huikana maana hiyo. Katika Omkara, iliyotokana na Othello ya Shakespeare, Konkona Sen Sharma aliigiza Indu, mke wa mchochezi. Ni Indu anayegundua ukweli, na ni mkono wake unaomwadhibu mumewe. Bila yeye hadithi haina mwisho.

Kuanzia tuzo za filamu za mwaka 2022, jina rasmi lilibadilishwa: badala ya mwigizaji msaidizi wa kike, tuzo sasa hutolewa kwa mwigizaji wa kike katika uhusika saidizi. Mabadiliko hayo yanaweza kuonekana madogo, lakini kisarufi yana uzito. Kivumishi kimehama kutoka kwa mtu na kwenda kwa kazi aliyopewa. Hata hivyo, malalamiko ya mwaka 2025 yalitokea chini ya jina jipya, jambo linaloonyesha kwamba marekebisho ya istilahi hayatoshi iwapo vigezo vyenyewe havijawekwa wazi.

6.0 Hitimisho

Historia hii ina mafunzo kwa watafiti na washauri wa sera katika nchi zenye lugha nyingi. Kwanza, tuzo ya taifa inaweza kuipa lugha ndogo hadhi ambayo sensa na katiba hazijaipa, mradi majaji wawe tayari kuisikiliza. Pili, istilahi za tuzo ziteuliwe kwa uangalifu, zielezee kazi badala ya kupima hadhi ya mtu. Kiswahili kina nafasi ya kutumia "uhusika saidizi" pale ambapo "mwigizaji msaidizi" limezoeleka. Tatu, mpaka kati ya uhusika mkuu na uhusika saidizi unapaswa kuandikwa na kutangazwa kabla ya hukumu, la sivyo umri na jinsia vitaamua bila kutajwa. Ama kuhusu neno "Kihindi", pengine wakati umefika kwa wahakiki kusema "filamu za India" wanapokusudia nchi, na kuliacha "Kihindi" liwe jina la lugha moja kati ya nyingi zilizozaa filamu hizo.