Asilimia 40: Pesa za majimbo na wale wanaozihesabu

Raia akiuliza kwa nini barabara ya kijiji haitengenezwi, mara nyingi anajibiwa: pesa haijatoka Kinshasa. Jibu hilo lina historia.

Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilipatia majimbo mamlaka makubwa. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua utawala, na pole pole mamlaka yakarudi Kinshasa pamoja na sanduku la pesa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilitaka kugeuza hayo. Kipengele 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na ikatwe pale pale inapokusanywa. Sheria ya Oktoba 2008 ikaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo ni ya miji, mitaa, sekta na usultani. Tupige hesabu: katika franka 100 za taifa, 40 ni za jimbo, na katika hizo 40, franka 16 zishuke hadi kwetu chini.

Lakini pesa ziliendelea kupanda Kinshasa kwanza, kisha kurudishwa kidogo kidogo. Mwaka 2015 majimbo yakatoka 11 yakawa 26, na fungu likabaki lile lile.

Nani anakagua? Kwanza, wabunge wa jimbo, wanaopiga kura juu ya bajeti. Pili, Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, uliowekwa mwaka 1987 na kusikika sana tangu 2020. Tatu, Korti ya Hesabu: kipengele 180 kinaipa kazi ya kukagua hesabu za majimbo mpaka za usultani, na ripoti yake ya kila mwaka itangazwe katika gazeti rasmi.

Shida iko hapa. Kinshasa ikisema ilituma, na mkubwa wa hapa akisema hakupokea, mkaguzi anahitaji karatasi. Vita ikifukuza watu, ofisi nazo zinakimbia, na karatasi zinapotea.

Kwa hiyo jambo hili linawahusu pia ninyi mlio kambini. Usultani wenu bado ni wenu, na zahanati mtakayoikuta siku ya kurudi itategemea pesa hizo. Mkikutana na mbunge au chifu, muulizeni: ilifika kiasi gani, tarehe gani, na ilifanya kazi gani? Mwombeni awaonyeshe karatasi.