Majaribio ya biolojia nyumbani (Songea)

Majaribio ya biolojia nyumbani ni kazi za vitendo ambazo mwanafunzi wa sekondari huzifanya akiwa mbali na maabara, kwa vitu vya jikoni, dukani na shambani, huku mwalimu akimwongoza kwa redio, simu au karatasi. Nchini Tanzania jambo hili lilipata uzito tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi darasani tarehe 1 Juni, wengine tarehe 29 Juni. Shule zikiwa zimefungwa, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni. Nadharia ilipita vizuri hewani, lakini vitendo vilikwama. Haja yenyewe ilikuwapo tangu zamani, kwani Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa mwaka 1975, huhudumia watu wanaosoma sekondari nje ya mfumo wa kawaida, na wengi wao hawana maabara karibu.

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Shule zilipofungwa mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, mahindi na maharage yako shambani na nyasi zimejaa panzi. Vielelezo ambavyo mwalimu huwatuma wanafunzi wakavitafute vilikuwa nje ya mlango. Mmea mmoja wa mahindi na mmoja wa maharage iliyong'olewa pamoja na mizizi inatosha kuonyesha tofauti ya monokotiledoni na dikotiledoni: mizizi, mishipa ya majani, na namna mbegu inavyogawanyika. Kwa uyoga tahadhari ni moja: hukatwa na kuchorwa, hauonjwi.

Jaribio linalofaa zaidi kwa mji huu ni togwa, ingawa ni nadra kuikuta katika orodha za vitendo. Uji wa mahindi hupikwa, huachwa upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha hutiwa unga wa kimea cha ulezi. Baada ya muda mfupi uji mzito hulegea na kuanza kuwa mtamu; ukilala, huchachuka. Ulezi unapochipua hutengeneza amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari, na bakteria wa asidi ya laktiki ndio wanaoleta ule uchachu. Nguvu ya kimea kulegeza uji ni jambo ambalo sayansi ya lishe imelishughulikia kwa dhati: mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha utafiti kuhusu unga wa nafaka zilizochipuzwa kwa ajili ya uji wa watoto wachanga.

Hata hivyo, kupika togwa peke yake si jaribio. Huwa jaribio pale mwanafunzi anapoweka vikombe vitatu vya uji uleule: kimoja chenye kimea, cha pili chenye kimea kilichochemshwa kwanza, cha tatu kisicho na kimea. Kila baada ya muda huchota kijiko, hukiacha kipoe, hukizimua kwa maji na kudondoshea aidini ya kusafishia vidonda. Lazima kipoe, maana rangi ya bluu-nyeusi ya wanga hufifia katika joto na humdanganya mwenye haraka. Kikombe cha pili hubaki kizito kama cha tatu, kwa kuwa mchemko umekiharibu kimeng'enya. Bibi anayekataza kimea kisitiwe kwenye uji unaotokota anaijua kanuni hiyo, na hakuisoma popote.

Osmosisi haina shida: vipande viwili vya kiazi mviringo vyenye urefu sawa, kimoja kwenye maji matupu na kingine kwenye maji ya chumvi, hupimwa kwa rula baada ya saa chache. Mafuta hutambulika kwa doa linalopitisha mwanga kwenye karatasi. Hadubini ndiyo ngumu kuipatia mbadala. Foldscope, hadubini ya karatasi iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford, inafaa pale inapopatikana. Tone la maji juu ya kamera ya simu hukuza mguu wa panzi, lakini halifikishi mtu kwenye seli.

Jaribio la wanga katika jani lisipelekwe nyumbani, hata kama vitabu hulitaja kama jepesi. Klorofili hutolewa kwa spiriti ya moto, na mvuke wake hushika moto upesi karibu na jiko la mkaa. Kipimo cha protini nacho kibaki shuleni: mruturutu hupatikana kwenye maduka ya pembejeo, lakini kostiki soda inayoandamana nao huunguza ngozi na macho.

Matokeo huandikwa daftarini kwa jedwali na mchoro wa penseli usiotiwa kivuli, mistari ya majina isikatane. Mwenye simu janja hutuma picha. Mwenye simu ya kitochi hutuma vipimo kwa ujumbe mfupi, na daftari lenyewe hufika siku ya kwenda shuleni. Siku hiyo hutengwa kwa kipimo cha sukari cha Benedict, kipimo cha protini na hadubini, kwa kuwa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne humtaka mtahiniwa ashike vifaa mwenyewe.